Ng'oa Jino Ukiwa Umelala

Nakuru, 14 Januari 2024

Mwanangu Martin,

Salamu kutoka huku kwenye baridi. Mimi mzima, ila magoti, na magoti si habari. Nilimpigia baba yako juzi. Aliniambia mto umeshuka, mahindi ya shambani kule Wenje yamekauka vizuri, na kiboko ameingia shamba la ndizi mara mbili wiki hii. Juu ya kiboko kaka yangu alizungumza dakika ishirini. Juu yako alisema sentensi moja tu: "Martin sasa ni mtu mkubwa Garsen."

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu hunijibu. Nikikuuliza jambo zito unaniletea picha ya kidole gumba. Barua hii naipakia kwenye basi, utaipokea kwenye ofisi ya mizigo, na ukitaka kujibu itakubidi utafute kalamu.

Jambo lenyewe ni ile picha uliyoweka kwenye kundi la familia. Umesimama mbele ya kliniki yako na koti jeupe, mikono kifuani kama mgombea udiwani, na juu ya kichwa chako kuna bango jipya: NG'OA JINO UKIWA UMELALA. HUTASIKIA KITU. Ukoo mzima ukakupigia makofi. Mimi nikaikuza ile picha hadi herufi zikafifia, nikidhani macho yananidanganya.

Hutasikia kitu. Ni kweli. Hata maiti hasikii kitu.

Martin, huu ni mwaka wangu wa ishirini na sita katika kazi ya kuwalaza watu kwa ajili ya upasuaji na kuwaamsha. Kumlaza mtu ni kazi ya dakika moja. Mjinga yeyote akishikishwa sindano ataiweza. Mimi nimeajiriwa kwa ile sehemu ya pili. Wewe ulisomea meno miaka mitatu, ukafundishwa kutia ganzi kwenye ufizi, na ukafundishwa vizuri. Hii habari ya kulaza watu umeitoa wapi? Kwenye video?

Nijibu maswali matatu bila ngonjera. Unawachoma nini? Wewe ukiwa umeinamia jino, ni nani anayemwangalia mwenye jino? Na siku mmoja wao akiacha kupumua, mkono wako utakwenda kwenye kitu gani, kiko wapi, na mara ya mwisho ulikijaribu lini?

Msalimie Joy, msaidizi wako aliyenikaribisha chai Desemba mwaka juzi. Yule alionekana kwangu mtu mwenye macho.

Shangazi yako,
Loise


Garsen, 2 Februari 2024

Shikamoo Shangazi,

Natumaini baridi imepungua. Huku jua ni lilelile. Barua yako ilikaa ofisi ya mabasi siku tisa kwa sababu hakuna mtu Garsen anayetarajia barua. Karani wa mizigo alinipigia akaniuliza kama ni samansi ya korti. Nilipoisoma nikaona hakukosea sana.

Baba hajambo. Kiboko yuko.

Maswali yako nayajibu kwa heshima. Nachoma ketamini, kiasi kidogo, na kwa waoga naongeza ile ya kutuliza. Mgonjwa anaangaliwa na Joy. Mtungi wa oksijeni upo, mkubwa, mweusi wenye mabega meupe kama ya hospitali, umesimama karibu na mlango na kila anayeingia anauona. Mashine ya kufyonza mate na damu iko njiani. Mpaka leo nimelaza watu sitini na wanne, na wote sitini na wanne wameamka wakaenda zao.

Shangazi, niruhusu niseme. Wewe umezoea hospitali ambako mashine ikilia wanakuja watu sita mbio. Huku sivyo. Hapa anakuja mama wa Kiorma ametembea siku mbili na mtoto mwenye jipu kwenye fizi, na kabla yangu mtoto huyo alikuwa anakandamizwa kitini na wanaume wanne huku akilia mpaka sokoni watu wanasimama. Mimi nimekomesha hilo. Ukiwaeleza hawa habari za kile kipimo cha oksijeni mnachowavalisha wagonjwa kidoleni watakucheka. Ni watu wagumu. Mtoto wao anakanyagwa na ndama, anainuka, anajipangusa vumbi. Vyombo vya hospitali yako ni vya watu laini.

Nina ombi moja. Baraza linalosimamia kazi yetu linataka kila kliniki inayolaza wagonjwa iandike jina la mtaalamu wa usingizi. Naomba jina lako na namba yako ya usajili. Si lazima uje. Si lazima ufanye chochote. Ni karatasi tu.

Mwanao,
Martin


Nakuru, 19 Februari 2024

Martin,

Nimepokea barua yako. Huku mvua imenyesha siku mbili na mbwa wa jirani amezaa. Hizo ndizo habari.

"Ni karatasi tu." Nimeisoma sentensi hiyo nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Unataka jina langu lisimame ukutani mwako likimwangalia mgonjwa, wakati mwenye jina yuko Nakuru anakunywa uji. Jina langu halijui kusikiliza mapigo ya moyo. Halitakusaidia kitu ila kuniweka mahakamani pamoja nawe. Jibu ni hapana, na ukiliandika bila ruhusa yangu nitapanda basi nije nilifute kwa mkono wangu.

Umeniambia mtungi unaonekana na kila anayeingia. Sikukuuliza kama unaonekana. Sanamu ya mtakatifu pia inaonekana na kila anayeingia kanisani, na haipumui. Nilikuuliza ulijaribiwa lini. Hukujibu, na wewe si mtu wa kusahau kujisifu.

Nitakuandikia mara moja, polepole, kama ninavyowaandikia wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ingawa wao huwa wananiandikia majibu ya maana kuliko yako. Humlazi mtu mpaka awepo mtu wa pili ambaye macho yake hayana kazi nyingine. Joy anakupokeza koleo, anashika taa, anapangusa mate, anaita mgonjwa anayefuata. Ana macho mangapi? Kipimo cha kidole kinakaa kwenye kidole cha mgonjwa tangu sindano hadi aamke na kujua jina lake. Mfuko wa kumpulizia hewa, na barakoa zake za kila ukubwa, ya mtoto kwa mtoto, si ile ya mtu mzima unayoibana na kidole. Mashine ya kufyonza iliyo chumbani, si iliyo njiani, na iwe na betri yake, kwa kuwa stima ya Garsen wote tunaijua. Mtungi unaufungua kila asubuhi kabla hujafungua mlango. Unauliza mgonjwa amekula nini na saa ngapi, na akiwa amekula humlazi, hata awe ametembea siku mbili. Dawa za dharura ziwe ndani ya kisanduku unachoweza kukifungua ukiwa umefumba macho. Na unafanya mazoezi ya siku mbaya katika siku nzuri, mara kwa mara, mpaka ikuchoshe.

Kama huna hivi, tia ganzi, ng'oa jino moja, mpumzishe mtoto, umpe rufaa Malindi kwa yaliyobaki. Hiyo siyo aibu. Aibu ni bango.

Na kuhusu watu wagumu: nimefungua makoo ya Waorma, Wapokomo, Wakikuyu na Wahindi. Koo la mtoto ni upana wa kidole changu cha mwisho, na halina kabila. Wewe umewadharau watu hawa kwanza, ndipo ukajipatia ruhusa ya kuwapunguzia vyombo. Usiniambie ni huruma.

Loise


Garsen, 11 Aprili 2024

Shikamoo Shangazi,

Nimechelewa kujibu, nisamehe. Kazi zilikuwa nyingi kidogo. Jana ilikuwa Idi, mji umetulia, maduka mengi bado yamefungwa. Wanasema mvua za juu zitaleta mafuriko, baba ameanza kuhamisha mbuzi. Kiboko hajaonekana.

Lile jambo la jina nimeliacha. Usiwe na wasiwasi.

Mwezi uliopita mgonjwa mmoja alichelewa kuamka kidogo. Mambo yaliendelea vizuri baadaye. Nilitaka tu kuuliza, kwa elimu, wewe ukiwa mzoefu: ubongo wa mtoto unavumilia dakika ngapi bila hewa ya kutosha? Vitabu vinatofautiana. Na mtoto akiwa anavuta mguu mmoja wiki tatu baadaye, ni kitu ambacho kwa kawaida kinarudi chenyewe?

Ni kwa elimu tu.

Martin


Nakuru, 6 Mei 2024

Martin,

Barua yako imefika jana kwa sababu barabara imekatika. Baba yako amenipigia kutoka kwenye mwinuko alikohamia na mbuzi. Ni mzima, mahindi yamekwenda na maji. Mpelekee turubai.

Wakati barua yako ilikuwa njiani ikibeba "kidogo" yako, Joy alinipigia simu. Alikuwa bado na namba yangu. Aliniambia, "Mama, nimeacha kazi leo, lakini sitaweza kulala nikiacha bila kusema." Nikamwambia aseme, nikachukua kalamu. Haya ni maneno yake, nayaandika ili uyaone yakiwa na tarehe.

"Ilikuwa Jumanne tarehe kumi na tisa Machi. Mama mmoja anaitwa Abdia, mumewe ni Nuh, ni wafugaji. Alimleta binti yake Darmi wa miaka saba, magego mawili yameoza. Daktari hakuuliza kama mtoto amekula. Alikuwa amekunywa maziwa. Mamake ndiye aliyekuwa amefunga Ramadhani, mtoto hakufunga. Akamchoma pajani, mtoto akalala. Gego la kwanza likatoka. Kwenye la pili stima ikapotea. Daktari akaniambia nishike tochi ya simu, nikashika. Tulikuwa tunaangalia jino, Mama. Sote wawili tunaangalia jino. Mamake ndiye alisema, 'Mbona midomo yake imekuwa hivi?'"

Nilimwuliza midomo ilikuwaje. Akasema, "Kama zambarau."

"Maziwa yalikuwa yamepanda kooni pamoja na damu. Hakukuwa na kitu cha kufyonza, tukapangusa kwa pamba. Daktari akakimbilia mtungi. Akazungusha, hakuna. Akazungusha tena. Halafu akaupiga kofi. Nimemwona mtu mzima akiupiga mtungi kofi. Mimi nikamgeuza mtoto ubavu, nikaingiza kidole mdomoni nikatoa yale maziwa, nikampulizia kwa mdomo wangu. Sijui mara ngapi. Alipovuta pumzi tukambeba mimi na mamake mpaka kituo cha afya, tunakimbia, na daktari alibaki nyuma akifunga mlango."

Akifunga mlango.

Na ule mtungi, Martin. Joy ameniambia ulikotoka. Uliununua kwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtupu, na Kalama mchora mabango akaupaka mabega meupe siku ileile aliyokuandikia bango lako. Nilidhani umesahau kuujaza. Nilikuwa nimekukadiria juu mno.

Mtoto anavuta mguu wa kushoto, na anasahau jina la dada yake. Umeniuliza kama hurudi chenyewe. Mwingine hurudi, mwingine hubaki hivyohivyo. Anahitaji daktari wa watoto Malindi au Mombasa, na mazoezi ya mguu, sasa, si baada ya mafuriko. Hilo ni jibu kwa mtoto. Wewe sina jibu lako. Umetumia neno "elimu" mara mbili kwenye barua moja fupi, na mimi ambaye nimefundisha miaka kumi na minane sijawahi kulisikia likinuka vile.

Nenda kwa Abdia umwambie ukweli. Ushushe bango.

Loise


Garsen, 30 Mei 2024

Shangazi,

Baba nimempelekea turubai. Maji yanashuka.

Joy amekuambia ya kwake. Hakukuambia kwamba nilifunga mlango kwa sababu ndani kulikuwa na wagonjwa wengine wawili na dawa mezani. Hakukuambia kwamba nilifika kituo cha afya baada yao, nikakaa hapo hadi jua linatua. Hakukuambia kwamba mimi ndiye niliyewatafutia gari la kuwapeleka Malindi wiki iliyopita, na daktari wa watoto amemwona. Umeandika kurasa mbili za maneno ya mfanyakazi aliyeacha kazi kwa hasira, ukazitia tarehe kama hakimu.

Nuh alikuja hapa yeye mwenyewe. Alinishika mkono akasema ni kudra ya Mungu. Hakuna aliyelalamika. Wenye mtoto hawakulalamika, ila wewe uliye kilomita mia saba unalalamika kwa niaba yao.

Na kwa kuwa umependa kusema ukweli, acha na mimi niseme. Ukoo mzima unajua habari ya yule mwalimu wa kule Chewele. Baba aliniambia nilipoingia chuo. Alianguka na pikipiki akavunjika taya, akaletwa kwako ulipokuwa unaanza kazi huku nyumbani, na hakuamka. Ulikuwa na mashine zote. Mtu wa pili, kipimo, mtungi uliojaa, kila kitu ulichoniandikia kwa mwandiko wako mzuri. Na alikufa. Kisha ukahama ukaenda mbali ambako hakuna anayemjua. Kwa hiyo usinifundishe kwamba vyombo ndivyo vinavyoamsha watu.

Wakaguzi wa Baraza wanakuja tarehe ishirini na tano Juni. Godana, rafiki yangu tuliyesoma naye, ana kliniki kubwa ya meno pwani. Ataniazima kila kitu kwa siku mbili. Watakuta kila walichokiandika kwenye fomu. Bango litabaki.

Martin


Nakuru, 12 Juni 2024

Martin,

Sina habari za nyumbani leo.

Mwalimu wa Chewele aliitwa Josiah. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Ulichoambiwa ni kweli, na hakikukamilika, kwa sababu baba yako naye hajui.

Mashine zilikuwepo. Moja ilikuwa na kengele ya kulia oksijeni ikishuka mwilini. Tangu asubuhi ilikuwa inalia bure, mgonjwa mzima na yenyewe inalia, na daktari wa upasuaji alikuwa amenifokea mara mbili kwamba namkosesha utulivu. Nilikuwa na mwaka mmoja kazini na niliogopa kufokewa kuliko nilivyoogopa kitu kingine chochote. Josiah alipolala nikaizima. Mrija wake wa hewa ulipochomoka hakuna kilicholia. Mimi nilikuwa nimegeuka naandika kwenye fomu ya mgonjwa. Nilipogeuka rangi yake ilikuwa imekwisha badilika, na baada ya hapo tulifanya kila kitu sawasawa, kwa kuchelewa.

Walioketi kuchunguza kifo chake waliniuliza kama mashine ilikuwepo. Nikasema ilikuwepo. Wakauliza kama inafanya kazi. Nikasema inafanya. Hawakuuliza kama nilikuwa nimeinyamazisha, na mimi nikanyamaza. Mama yake alinishukuru kwa kujaribu. Alinishika mikono yote miwili.

Kwa hiyo usiniite mnafiki, jina hilo nimekwisha jiita miaka ishirini na mitano na wewe huna jipya la kuongeza. Wala usidhani nimekueleza haya ili tulie pamoja, au ili uone kwamba sote ni binadamu. Mimi niliua mtu kwa dakika moja ya woga. Wewe ulipanga. Ulimwita mchoraji. Bado sikuweki karibu nami, na mimi mwenyewe sijiweki mahali pazuri.

Unaweza kuazima mtungi. Wakaguzi wakiondoka utarudishwa kwa Godana, na wiki inayofuata mama mwingine atasoma bango.

Nimeliandikia Baraza kurasa nne. Tatu ni zako, moja ni yangu. Zimetumwa leo asubuhi.

Loise


Garsen, 20 Julai 2024

Shikamoo Shangazi,

Baba amerudi shambani. Anapanda upya, na ameniomba nije Wenje nimsaidie. Nimesema nitakuja, kwa kuwa nina nafasi.

Kliniki imefungwa. Leseni yangu imesimamishwa hadi kesi isikilizwe, na Joy ameandika ushahidi wake. Nimeshusha bango mwenyewe kwa nyundo. Kalama alikataa kulishusha, alisema atajidharau akishusha kazi ya mkono wake. Sijui kama Baraza limekujibu juu ya ukurasa wako. Baba ameusikia kwa watu. Akasema, "Kwa hiyo amebeba hilo peke yake wakati wote huu," akaenda kuangalia mbuzi.

Anadhani ni barua yako iliyonibadilisha. Nataka ujue si barua yako. Barua yako niliipokea siku moja kabla ya ukaguzi. Niliisoma, nikaikunja, nikaenda kupanga vyombo vya Godana.

Vilipendeza. Mkaguzi alikuja mmoja tu, mama mfupi, hana maneno. Alifungua mtungi, hewa ikatoka kwa mlio. Akawasha mashine ya kufyonza, akachomoa waya ukutani, ikaendelea kwa betri. Akahesabu barakoa. Akaniuliza mtaalamu wa usingizi ni nani, nikataja jina la mtu wa Godana. Barua yako kwa Baraza nadhani bado ilikuwa kwenye meza ya mtu Nairobi, maana huyu mama hakujua kitu. Akatia sahihi, akanipa karatasi, nikaipokea, nikaigongomea ukutani. Sitakuficha: nilifurahi. Nilisema moyoni, Shangazi na kurasa zake.

Mkaguzi akaenda hoteli iliyo mkabala kula chakula cha mchana. Nikaanza kufunga vyombo kwenye maboksi. Ndipo Abdia akaingia na Darmi.

Hakuja kwa ugomvi. Alikuwa amekuja kuniuliza kama karatasi ya daktari wa Malindi imesema mazoezi ya mguu ni mara mbili kwa siku au tatu, kwa kuwa hajui kusoma na Nuh alikuwa na ng'ombe. Nikamsomea. Mara tatu. Akashukuru. Kisha akaona mtungi wa Godana, na mfuko, na ile barakoa ndogo juu ya meza. Aliichukua barakoa, akaiweka usoni mwa Darmi, polepole, kuona kama inaenea. Ilienea kabisa.

Akasema, "Hii ndiyo ya kupumua?"

Nikasema, "Ndiyo."

"Leo iko. Ile siku ilikuwa wapi?"

Ningeweza kumwambia ilikuwa njiani. Neno hilo nilikuwa nalo mdomoni, nimelizoea. Lakini barakoa ilikuwa bado usoni mwa mtoto, na mtoto alikuwa ananitazama juu yake. Nikasema haikuwepo. Nikasema hata leo si yangu, nimeiazima ili mkaguzi aione. Nikamwambia mtungi wa siku ile ulikuwa mtupu tangu siku niliyoununua.

Akauliza, "Wewe ulijua kama kitu hii inatakiwa?"

"Nilijua."

"Nani alikuambia?"

"Shangazi yangu. Aliniandikia barua."

"Mbele ya ile siku au nyuma?"

"Mbele. Mwezi mzima mbele."

Hakupiga kelele, Shangazi. Nilitamani apige. Aliitoa barakoa usoni mwa Darmi, akaifuta kwa ncha ya ushungi wake, akairudisha mezani palepale alipoitoa, kama mtu anayerudisha kitu cha jirani. Halafu akaniangalia vile ambavyo mimi nilikuwa nawaangalia wao.

Walipotoka nilivuka barabara na ile karatasi, nikaiweka karibu na sahani ya mkaguzi, nikamwambia vyombo si vyangu. Aliacha kula. Hayo mengine unayajua.

Lakini alichosema Abdia mlangoni sijamwambia mtu, hata baba. Nakuandikia wewe kwa sababu wewe peke yako hutanipa pole.

Alisema, "Mimi kila swala nilikuwa namwomba Mungu, huyu daktari umsamehe, yeye hakujua." Akamshika Darmi mkono. "Kumbe nilikuwa namdanganya Mungu. Leo Alasiri nitamwambia ukweli."

Martin